Anti, saa inasema sijalala

Mwezi huu barua karibu zote ni za hizi saa janja na bangili za kupimia usingizi. Nimezisoma zote, nyingine mara mbili, kwa sababu shida iliyomo naijua kwa karibu. Kwa mgeni wa safu hii, mimi nimefanya kazi miaka mingi kwenye maabara ya usingizi, jioni nambandika mtu nyaya kichwani alafu nakaa macho usiku kucha namwangalia akilala, kwa hiyo nikiongelea kipimo cha mkononi huwa nakilinganisha na kile cha kichwani. Majina nimeyatoa kama kawaida yetu.

Shikamoo Anti. Nilizawadiwa saa janja siku yangu ya kuzaliwa, mwanzoni nilifurahi mno. Sasa hivi nikiamka kabla hata sijatoka kitandani nakimbilia kuangalia alama za usingizi. Juzi niliamka freshi kabisa, nikaangalia nikakuta 61, mwili wote ukaisha nguvu hapo hapo na siku nzima nikawa nasinzia kazini. Usiku nikawahi kitandani saa mbili ili nipate alama nzuri, ndo kwanza nikagaagaa mpaka saa nane. Naumwa? — Alama 61

Marahaba mwanangu. Pole sana, na hongera kwa kuliona mwenyewe, maana umeandika jibu ndani ya swali: uliamka freshi, kilichokuchosha ni namba.

Hili limeshaandikwa na wataalamu. Mwaka 2017 watafiti wa Chicago walieleza habari za wagonjwa waliokuwa wanakuja kliniki na ripoti za bangili zao mkononi, wengine wakiambiwa na maabara kwamba wamelala vizuri wanakataa, wanaiamini bangili. Hali hiyo wakaipa jina, othosomnia, yaani kuhangaikia usingizi kamili wa kwenye namba mpaka usingizi wenyewe unakimbia. Na kosa walilofanya wale wagonjwa ndo hilo hilo lako, kukaa kitandani muda mrefu zaidi ili masaa yaongezeke. Kitanda ukikikalia macho makavu usiku baada ya usiku, ubongo unajifunza kwamba hapa ni mahali pa kukesha.

Alafu kuna jaribio moja la Uingereza la mwaka 2018 ambalo kila nikilikumbuka naumia kidogo. Waliwachukua watu wenye tatizo la kukosa usingizi, wakawavalisha vifaa vya mkononi, asubuhi wakawapa matokeo ya kutunga, wengine wakaambiwa wamelala vibaya na wengine wakaambiwa wamelala vizuri, bila uhusiano wowote na walivyolala kweli. Walioambiwa wamelala vibaya walishinda na usingizi mchana na hali ya moyo ikawa chini kuliko wenzao. Namba ya uongo iliwachosha kweli. Sasa fikiria wewe unaipokea kila asubuhi na mswaki haujagusa mdomo.

Hiyo 61 yenyewe ni nini? Presha ina kipimo chake, joto la mwili lina nyuzi zake, ukipimwa huku au kule unategemea jibu moja. Alama ya usingizi haina kipimo, kila kampuni ina mapishi yake, wanachukua masaa uliyolala, mapigo ya moyo, ulivyogeuka geuka, wanachanganya kwa uwiano wanaoujua wao alafu wanakupa namba moja. Vaa saa za kampuni mbili usiku mmoja, moja inaweza kukupa 61 na nyingine 78. Wewe ni yule yule na kitanda ni kile kile.

Nakuomba ufanye hivi kwa wiki mbili. Daftari na kalamu viwe karibu na kitanda. Ukiamka, kabla ya saa kabla ya simu, andika nadhani nililala saa ngapi, nimeamka saa ngapi, na najisikiaje kuanzia 1 mpaka 5. Basi. Alama usiziangalie kabisa, kama programu inaruhusu kuzificha zifiche, kama hairuhusu zima zile taarifa za asubuhi. Jumapili ndo ufungue programu, na uangalie vitu viwili tu, muda wa kulala na muda wa kuamka, uone kama vinacheza cheza. Na usiende kitandani saa mbili kuwinda usingizi, nenda ukiusikia umekuja.

Ila kama hata bila saa unakosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki na imefika miezi mitatu, hapo nenda kwa daktari, na umuulizie ile tiba ya mazungumzo na mazoezi ya kubadili tabia za kulala. Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani wa Marekani mwaka 2016 kilishauri ianze hiyo kabla ya vidonge, na wengi hawaambiwi kama ipo.

Hujambo binti yangu. Mimi ni mzee wa miaka 71, mjukuu amenivalisha bangili. Usiku wa Jumanne sikupata hata lepe la usingizi, nimesikia mvua ilivyoanza na ilivyokatika, nimelala chali naangalia dari. Asubuhi bangili inasema nimelala masaa saba na nusu! Mjukuu anasema babu ulilala ila hujui. Nani mwongo hapa? — Babu asiyelala

Shikamoo babu. Sijambo kabisa. Barua yako nimeipenda kwa sababu umegusa udhaifu mkubwa kuliko wote wa hivi vifaa, na wengi wenye bangili hawaujui.

Ndani ya bangili kuna kidude kidogo kinaitwa akselerometa, kazi yake ni kuhisi mjongeo. Mkono ukijongea kinaandika, ukitulia kinaandika kimya. Alafu programu inapiga hesabu, ukimya wa muda mrefu inauita usingizi. Bangili za siku hizi zimeongezewa ile taa ya kijani ya kusoma mapigo ya moyo, maana damu inanyonya mwanga wa kijani, kila pigo likipita mwanga unaorudi unapungua kidogo, na mapigo yakitulia inakuwa dalili nyingine ya kulala. Lakini usingizi unatokea kwenye ubongo babu, na bangili iko mbali na ubongo.

Ntakupa picha ya kazini. Mtu amelala, nyaya kichwani, pembeni ya macho, kwenye kidevu, kifuani, mguuni. Mimi niko chumba cha pili naangalia skrini. Mstari wa mkononi umenyooka kabisa, kama maji ya kwenye beseni. Ukiangalia mkononi tu utasema huyu kalala fofofo. Lakini mstari wa kisogoni unacheza mawimbi ya haraka yaliyopangana, kama kumi kwa sekunde, na hayo ni mawimbi ya mtu aliyefumba macho ametulia yuko macho. Nikiongea kwenye spika taratibu, anajibu hapo hapo, wala sauti haina usingizi. Usiku kama huo nimeuona mara nyingi sana, na bangili ingeuhesabu wote kuwa amelala.

Namba zake zipo. Mwaka 2013 ulitoka utafiti wa watu 77 waliovalishwa kifaa cha mkononi na nyaya za maabara kwa wakati mmoja. Dakika ambazo mtu amelala kweli, kifaa kilipatia asilimia 96.5. Safi. Dakika ambazo mtu yuko macho kitandani, kilipatia asilimia 32.9 tu, yaani dakika tatu za kukesha kinaiona moja, mbili inaziita usingizi. Kifaa chenyewe kilikuwa cha watafiti, kinachosoma mjongeo peke yake. Hivi vya sasa vyenye kusoma na mapigo vimesogea kidogo, ila udhaifu ni ule ule, na anayeumia zaidi ni mtu anayekesha ametulia kama wewe. Kijana anayelala vizuri bangili itampatia karibu kila kitu. Mtu mwenye shida, yule yule anayehitaji kipimo, ndo inamkosea.

Mjukuu naye asigombezwe, ana ukweli kidogo. Kuna usingizi wa mwanzo mwepesi mno ambao mtu akiwa ndani yake bado anasikia mvua, ukimwamsha anakuapia hajalala. Kwa hiyo inawezekana kabisa usiku wa Jumanne ulipata vipande vipande, sio sifuri na sio masaa saba na nusu. Mimi ningeanza na kauli yako.

Jambo moja la kukutuliza. Mwaka 2017 ulitoka utafiti wa Wahadzabe wa Tanzania, watu wazima 33 walivaa vifaa vya mkononi siku 20 mfululizo. Katika siku zote hizo, muda ambao wote kwa pamoja walikuwa wamelala ulikuwa dakika 18 tu ukijumlisha. Wakati wowote wa usiku kulikuwa na mtu yuko macho au kalala mang'amung'amu, na wazee mda wao ulikuwa tofauti na wa vijana. Watafiti wakasema huenda ndivyo binadamu tulivyolindana tangu zamani, usiku haukosi mlinzi. Umri ukienda usingizi unakuwa mwepesi na unawahi kwisha, sio lazima iwe ugonjwa.

Ila babu nakuomba, kama kinachokuamsha ni maumivu, au mkojo mara kwa mara, au dawa mpya uliyoanzishwa, mwambie daktari, tena mpelekee na muda unaomeza kila dawa, kuna dawa za presha zinazoongeza mkojo ambazo pengine ni kusogeza tu zimezwe asubuhi. Usisogeze mwenyewe lakini.

Anti mambo. Usingizi wangu mzito ni dakika 42 tu, jana 38. Rafiki yangu anapata saa na nusu. Nile nini niongeze?

Poa mdogo wangu. Usile kitu. Kwenye maabara usiku unakatwa vipande vya sekunde 30, mtu mwenye mafunzo anapitia kimoja kimoja anasema huu mwepesi, huu mzito, huu wa ndoto. Na hata sisi wenyewe, tukikaa wawili na nyaya zote za kichwani mbele yetu, tunakubaliana kama mara 8 kwa 10. Sasa kitu kilichoko mkononi, kisichoona ubongo kabisa, kinakupa 42 na 38 kana kwamba kimehesabu. Kinakisia. Tofauti ya dakika nne haina maana yoyote, na hata ya nusu saa ukiwalinganisha watu wawili wenye saa tofauti bado haina maana.

Mwili unajipangia wenyewe. Usingizi mzito unakuja zaidi mwanzoni mwa usiku, ule wa ndoto unarefuka kuelekea alfajiri, mzunguko mmoja kama dakika 90 hivi. Ukikosa kulala usiku mmoja, kesho yake mwili unadai ule mzito kwanza. Huna kitufe cha kuongeza, ulichonacho ni kuupa muda, mtu mzima angalau masaa saba, basi yenyewe itajigawa.

Dada, mume wangu anakoroma sana alafu anakata, kimyaaa, nahesabu moyoni mpaka kumi, kumi na tano, ndo anashtuka kama mtu aliyekuwa chini ya maji. Amenunua saa, inaonyesha oksijeni asilimia 95 usiku, anasema si unaona niko sawa. Mchana anasinzia hata akiwa anaendesha. — Mke ninayehesabu

Dada yangu, hii barua naijibu kwa herufi kubwa moyoni. Saa yake iweke pembeni kabisa. Wewe ndo kipimo, na umepima vizuri kuliko hiyo saa.

Hicho unachoeleza kinafanana mno na ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Koo linalegea, njia ya hewa inaziba, kifua kinahangaika lakini hewa haipiti, mpaka ubongo unashtuka kidogo na kuifungua, alafu inaanza upya. Madaktari wanahesabu kila mkatiko wa sekunde kumi na kuendelea, ikifika mara 5 kwa saa ni ugonjwa, 15 ni wa wastani, 30 ni mkali, na nimeshamwona mtu kapita 70, yaani kila dakika inakatika, na asubuhi anasema kalala vizuri tu. Makadirio yaliyotoka mwaka 2019 yanasema watu karibu bilioni 1 duniani wanao, wengi hawajui. Unapandisha presha, unauchosha moyo, na kusinzia kwenye usukani kunaua.

Hiyo 95 kwa nini isikutulize? Oksijeni inashuka na kupanda ndani ya muda mfupi, saa nyingi zinapima kwa vipindi alafu zinakupa wastani, mashimo yote yanafukiwa humo. Kingine, mwanga wa kupima oksijeni unapita kwenye ngozi, na rangi ya ngozi inaingia kwenye hesabu. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba hata vile vipimo vya kidoleni vya hospitali viliwakosea wagonjwa weusi: kati ya watu ambao kipimo kiliwasoma wako sawa, kwa weusi asilimia 11.7 damu yao kiuhalisia ilikuwa imeshuka oksijeni, kwa weupe 3.6. Kama cha hospitali kiko hivyo, cha mkononi ntakiaminije kwa jambo kama hili.

Ni kweli kuna saa ambazo tangu 2024 zimeruhusiwa na mamlaka ya dawa ya Marekani kutoa tahadhari ya huu ugonjwa. Tahadhari ikija iheshimiwe, mtu aende akapimwe. Isipokuja haimaanishi huna, na hili watu wanalikosea kila siku.

Fanya hivi: mrekodi kwa simu, dakika tano, ile sehemu anakoroma na kukata, sauti isikike. Mwonyeshe asubuhi kwa upole, wengi wakijisikia wenyewe ndo wanakubali. Alafu muende wote wawili kwa daktari, wewe ndo shahidi, muombe kipimo cha usingizi, siku hizi kuna vya kuvaa nyumbani usiku mmoja. Na kabla hajapimwa, tafadhali, safari ndefu asiendeshe yeye. Hili nakusihi.

Mimi nalinda usiku, nalala asubuhi masaa manne na jioni mawili. Saa inaniandikia manne tu, kila siku inanilaumu.

Pole kaka. Saa nyingi zimetengenezwa kwa kudhani mtu analala mara moja tena usiku, usingizi wa vipande inaweza kuuacha au kuuita kupumzika. Angalia kama kuna sehemu ya kuongeza usingizi kwa mkono, ongeza hayo mawili, jumla ni sita. Lawama zake zizime. Ukirudi asubuhi vaa miwani ya jua kama hauendeshi, chumba kiwe giza totoro, na yale masaa manne ya asubuhi jitahidi yawe yale yale hata siku ya mapumziko, ndo nguzo yako.

Shikamoo Anti, chuoni kwetu wanatafuta watu wa utafiti, tutavaa bangili siku saba mchana na usiku. Haina skrini, haionyeshi chochote. Kama vyote ulivyosema vina makosa hivi, wanatafuta nini? Na data zangu je? — Mwanafunzi

Marahaba. Swali zuri kuliko yote mwezi huu, na ntalijibu kwa urefu.

Kwanza hiyo kukosa skrini ni makusudi, na ningetamani kila anayepima usingizi aelewe kwa nini. Mtu akiona namba anabadilika, kama yule mwenzetu wa 61. Mtafiti anataka maisha yako yalivyo. Ule utafiti mkubwa wa Uingereza, UK Biobank, kati ya 2013 na 2015 uliwavalisha watu zaidi ya 100,000 bangili ya aina hiyo, siku saba, haina skrini wala alama, ndani kuna akselerometa inayosoma mara 100 kwa sekunde. Unaivaa, unaoga nayo, unalala nayo, wiki ikiisha unairudisha kwa posta.

Na kuhusu makosa. Kosa la usiku mmoja kwa mtu mmoja ni kubwa, lakini watu 100,000 kwa siku saba ni kitu kingine, makosa mengi yanafutana, na yale yasiyofutana yanajulikana yameegemea wapi. Nyaya zangu za maabara ni sahihi zaidi lakini nakupata usiku mmoja, ukiwa ugenini, umebandikwa gundi kichwani, nani analala kawaida hivyo? Bangili inakukuta nyumbani kwako, Jumatatu uliyochoka na Jumamosi uliyochelewa. Maabara haiwezi kuona Jumamosi yako.

Na kweli kikaonekana kitu. Watafiti walichukua data za watu zaidi ya 60,000 kati ya hao, wakawapa kila mmoja kipimo cha utaratibu, yaani kama leo saa tano usiku umelala, je kesho saa tano usiku pia umelala? Matokeo yalitoka kwenye toleo la 2024 la jarida la Sleep. Waliokuwa na utaratibu walikuwa na hatari ndogo ya kufa katika miaka iliyofuata, asilimia 20 mpaka 48 pungufu ukilinganisha na kundi la waliovurugika kuliko wote, na utaratibu ukatabiri vizuri kuliko idadi ya masaa. Mimi nilipoisoma nilikaa kimya kidogo, maana miaka yote tumekuwa tukiwaimbia watu masaa, masaa, masaa. Na ona, utaratibu ndo kitu ambacho bangili inakipima vizuri hata ikiwa inakosea dakika, kwa sababu saa uliyolala na saa uliyoamka inazishika karibu sawa.

Nikuongezee tahadhari ambayo watafiti wenyewe wanaisema. Kuonekana pamoja sio kusababishana. Mtu anayeumwa usingizi wake unavurugika, kwa hiyo pengine ugonjwa ulitangulia. Wanajaribu kuwatoa waliokuwa wagonjwa mwanzoni ila haiondoi shaka yote. Na wanaojitolea kwa tafiti kama hizi kwa kawaida ni watu wenye afya kuliko majirani zao. Ndo maana nakwambia nenda, wewe na wenzako wa aina tofauti tofauti, maana hesabu nyingi za hivi vifaa zimejengwa juu ya watu wachache wa nchi chache, na wasiopimwa ndo wanaokosewa.

Data zako ni haki yako kuuliza. Kabla ya kusaini soma ile fomu ya ridhaa yote, uulize jina langu linatolewa lini, nani mwingine ataziona, zinakaa miaka mingapi, nikijitoa katikati zinafutwa? Bangili inayojua umelala saa ngapi inajua pia uko nyumbani saa ngapi. Wakijibu vizuri na kwa subira, vaa. Wakikujibu juu juu, acha.

Hatua 10,000 kwa siku ni lazima? Na kalori za saa ni za kweli?

Hiyo 10,000 ilianza Japani mwaka 1965, kulikuwa na kifaa cha kuhesabu hatua kinauzwa, jina lake lina maana ya kipimo cha hatua elfu kumi. Haikutoka maabara. Mwaka 2019 wanawake wazee karibu 17,000 walipimwa kwa vifaa, waliotembea kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 41 kuliko wa 2,700, faida ikaendelea kupanda mpaka kama 7,500 ikatulia. Kama uko 3,000 ongeza 1,000, ni nyingi hiyo. Kalori usizitegemee. Chuo cha Stanford mwaka 2017 kilipima vifaa saba, mapigo ya moyo vingi vilikaribia, kwa nguvu inayotumika kile bora kabisa kilikosea kwa asilimia 27 na kibovu 93. Usipange chakula kwa namba hiyo.

Anti, mwanangu ana miaka 6, nimvalishe bangili nijue analalaje?

Hapana mama. Hesabu za bangili nyingi za dukani zimetengenezwa kwa mwili wa mtu mzima, na mtoto akilala anarusha mikono na miguu, itakwambia kakesha usiku kucha wakati kalala kama pono. Wa umri huo anahitaji masaa 9 mpaka 12. Kaa mlangoni kwake usiku mmoja au mbili, sikiliza anavyopumua, kama anakoroma kila siku au analala mdomo wazi mpeleke akaangaliwe koo na nyama za puani. Asubuhi angalia kama anaamka mwenyewe au unamburuta, na mwalimu wake muulize kama anasinzia darasani au hatulii kabisa, maana mtoto mwenye usingizi mara nyingi hasinzii, anaruka ruka. Ukiona hivyo niandikie tena, na uniandikie muda anaolala na kuamka kwa wiki nzima.